Nani Aruhusiwe Kudunga Kidole? Mafunzo ya Wanaopima Wagonjwa Nje ya Maabara, Kutoka Marigat hadi Molo



Neno langu ni moja na nitalisema mapema, ili yote yatakayofuata myapime kwa hilo. Kibali cha kumpima mgonjwa nje ya maabara kisitolewe kwa sababu mtu alihudhuria semina. Kitolewe kwa sababu alitazamwa akipima, akapima sawasawa mbele ya anayejua. Na kiwe na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva, mpaka atazamwe tena.

Asubuhi yoyote ya kazi hapa kwetu Nakuru, vipimo vingi hufanywa bila kukanyaga maabara. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wazee na makanga bado wanaiita PGH, sista wa wodi hupima sukari kabla ya kudunga insulini. Katika kliniki za wajawazito, tone moja la damu juu ya kaseti moja hutafuta virusi vya Ukimwi na kaswende kwa pamoja. Salgaa, malori yanapolala, dereva hupimwa na mshauri nasaha kabla hajaendelea na safari ya mpakani Malaba. Naivasha kuna zahanati ndani ya mashamba ya maua. Mjini maduka ya dawa yamepangana, na yapo yanayokupima malaria au sukari ukiwa umesimama kwenye kaunta. Kisha Septemba 2023 serikali ikazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, ikawapa mikoba yenye mashine ya presha, mizani na glukomita, na kipimo kikafika sebuleni.

Sasa fikirieni maabara ilivyo. Ina friji yenye kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni. Ina daftari la kila boksi la vitendanishi, lini lilifunguliwa na lini linaisha. Ina mtu wa pili wa kuuliza, "Hebu niangalizie hii." Ina mkuu wa kitengo anayekataa jibu lisitoke. Sebule ya mtaa wetu wa Rhonda haina hata kimoja kati ya hivyo. Kipimo kinapotoka maabara, kinga zote za maabara hubaki nyuma, isipokuwa zile zilizo kichwani na mikononi mwa anayepima. Ndiyo maana mafunzo katika upimaji wa papo hapo yana uzito kuliko hata mashine yenyewe.

Tulitoka maabara kwa sababu nzuri, na nataka hilo lieleweke kabla sijalaumu chochote. Kabla ya vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, VCT, kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu alitolewa damu akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa, na wengi hawakurudi. Kipimo cha haraka kilimpa jibu akiwa bado kitini. Huko Eldoret, mradi wa Ukimwi wa AMPATH, ulioanza 2001, ulikwenda mbali zaidi ukapeleka upimaji nyumba kwa nyumba. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na hilo lisingewezekana kama kila zahanati ingesubiri hadubini. Mwaka 2018 shirika hilo likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya vipimo vya lazima, likatenga sehemu nzima kwa ajili ya vituo visivyo na maabara.

Najua uchungu wa wenzetu wa maabara. Mtu amekaa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, miaka mitatu kutafuta diploma, akasajiliwa na bodi iliyoundwa kwa Sheria nambari 10 ya 1999, kisha anaona kazi ileile ikifanywa na aliyefunzwa kwa siku chache. Wapo wanaosema vipimo vyote virudishwe maabara. Siwaungi mkono. Mama aliyeshuka kutoka vilima vya Olenguruone kwa bodaboda, akiwa na mimba ya miezi saba, hawezi kuambiwa arudi Ijumaa. Lakini katika malalamiko yao mna ukweli mmoja ambao hatujauheshimu vya kutosha: wao walitazamwa. Kwa miaka mitatu kuna mtu alisimama nyuma yao akiangalia mikono yao.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Zambia, nami huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Wahudumu wa afya ya jamii waligawanywa makundi matatu, wote wakapewa vipimo vya haraka vya malaria. Kundi la kwanza lilipewa maelezo ya kiwandani yaliyo ndani ya boksi, basi. La pili lilipewa karatasi yenye picha za hatua kwa hatua, iliyoandaliwa kwa ajili yao. La tatu lilipewa karatasi hiyo pamoja na mafunzo ya saa chache. Kundi la kwanza lilifanya sawasawa asilimia 57 ya hatua. La pili asilimia 80. La tatu asilimia 92. Hayo hutufundisha kwanza kwamba mafunzo mazuri si lazima yawe marefu wala ya hotelini. Picha iliyochorwa vizuri na nusu siku ya kufanya kwa mikono ilibeba watu mbali sana. Pili, tazameni ile asilimia 8 iliyobaki hata kwa waliofunzwa vizuri, tena wakipimwa wakati mafunzo hayajapoa. Baada ya miezi sita ya foleni itakuwa ngapi?

Ngoja tukitazame kidole chenyewe, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi huzaliwa.

Mhamasishaji ameingia nyumba ya mzee wa miaka sitini na kitu. Mzee alikuwa anamenya machungwa ya wajukuu. Anafuta mikono kwenye suruali, anatoa kidole. Mhamasishaji anapangusa kwa pamba yenye spiriti, anadunga papo hapo kabla haijakauka, damu haitoki vizuri, anakamua kidole kutoka chini hadi ncha, tone la kwanza analipeleka kwenye stripi, mashine inasoma 14.2. Mzee anaambiwa ana kisukari. Hesabuni. Sukari ya tunda iliyobaki kidoleni inaweza kupandisha jibu kupita kiasi, na pamba ya spiriti haiiondoi yote. Maji na sabuni ndiyo dawa yake. Spiriti isiyokauka huchanganyika na damu. Kukamua huleta majimaji ya nyama ndani ya tone. Tone la kwanza lilipaswa kupanguswa. Na hata kama yote yangefanywa sawasawa, glukomita peke yake haitangazi ugonjwa. Humtuma mtu hospitali akapimwe tena. Kiwango cha kimataifa cha glukomita, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu mashine iliyo nzima kabisa kupotoka kwa asilimia 15 kwenda juu au chini. Damu yenye sukari 7.0 ya kweli inaweza kusomwa 6.0 au 8.0 na mashine isiwe na kosa lolote. Mpimaji asiyejua hilo atamwambia mtu mmoja ni mzima na jirani yake ni mgonjwa, na wote wawili wana damu sawa.

Kuna la vipimio pia. Kenya tunasoma sukari kwa milimoli. Nchi nyingine husoma kwa miligramu, na tofauti yake ni mara 18. Glukomita zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani husema 108 pale yetu ingesema 6.0. Nimemwona mgonjwa aliyefika kituoni akitetemeka, mkononi ameshika karatasi yenye "108" bila kipimio chochote pembeni, na aliyeiandika hakuwepo kuulizwa. Kuandika kipimio ni kazi ya sekunde moja. Inafundishwa kwa sekunde moja pia, ila lazima awepo mtu wa kuisisitiza siku ya kwanza na wa kuikagua siku ya mia.

Kuna mafunzo ambayo hayatatoka Nairobi wala Geneva, nayo ni ya ardhi yetu hii. Marigat ya Baringo iko takriban mita 1,000 juu ya bahari, mji wa Nakuru 1,850, Molo karibu 2,500. Matatu inaweza kukupitisha kote huko kwa siku moja. Mwongozo wa mafunzo ulioandikwa kwa ajili ya nchi nzima hauwezi kuubeba mteremko huo wote.

Anzieni chini. Vipimo vingi vya haraka vya malaria huandikwa kwenye boksi visizidi nyuzi 30 za joto, vingine 40. Mchana wa Marigat, ndani ya stoo ya mabati, nyuzi 30 zilipitwa zamani. Kaseti iliyopikwa na jua haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Itachora mstari wa udhibiti vizuri tu, ule wenye herufi C, na kumpa mpimaji imani ya bure, huku uwezo wake wa kuona ugonjwa umeshapungua. Mpimaji wa Baringo afundishwe kukaa na kipimajoto kama anavyokaa na saa, na afundishwe kukataa boksi lililosafiri juu ya keria ya pikipiki tangu asubuhi.

Pandeni Molo. Julai, alfajiri, chumba cha zahanati kinaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na glukomita nyingi hazijatengenezwa kufanya kazi kwenye baridi hiyo. Vidole vimeganda, damu haiji, mkono wa mpimaji unakimbilia kukamua. Kisha kuna hewa nyepesi. Stripi za aina moja, zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi, hutegemea oksijeni iliyo kwenye damu, na oksijeni ikipungua zinaweza kusoma juu kidogo. Za aina nyingine haziathiriki hivyo. Upungufu wa damu nao huzisukuma stripi kusoma juu. Mjamzito wa milimani mwenye damu kidogo ana sababu mbili za kudanganywa na mashine moja.

Na hiyo damu yenyewe, ile tunayopima kwa mashine ndogo ya himoglobini, ndiyo inayoniumiza zaidi. Mwili wa mtu anayeishi juu hutengeneza damu nyingi zaidi ili kufidia hewa nyepesi. Kwa hiyo kipimo cha Molo hakisomwi kama cha Mombasa. Katika jedwali ambalo WHO ilitumia kwa miaka mingi, mtu anayeishi mita 2,500 alipunguziwa gramu 1.3 kwa desilita kwenye jibu lake. Mjamzito anayesoma 11.5 Molo, ambaye kwa kipimo cha pwani angepita mstari wa 11 akarudi nyumbani, kwa kweli ana 10.2, naye anahitaji matibabu. Mwaka 2024 WHO ililirekebisha jedwali hilo, na kwa miinuko kama yetu kipunguzo kikaongezeka. Kwa hiyo hata sisi wa hapa mjini hatuko nje ya hilo. Ni katika zahanati ngapi za Molo, Kuresoi na Njoro jedwali hilo limebandikwa ukutani? Nimepita nyingi nikilitafuta kwa macho. Kulibandika ni gharama ya karatasi moja. Kumfundisha sista kulisoma ni dakika kumi. Mama anayezaa akiwa na gramu 10 huku kitabu chake kinasema yuko sawa, anaingia leba akiwa hana akiba, na akivuja damu hapatakuwa na muda wa kugundua.

Kujua kudunga, basi, ni nusu tu. Nusu ya pili ni kukijua kipimo chenyewe: kinaona nini, hakioni nini, na kinadanganya lini.

Chukueni kala-azar, ugonjwa wa Baringo, unaoenezwa na usubi anayejificha kwenye vichuguu. Usipotibiwa, huua karibu wagonjwa wote. Tunacho kipimo cha haraka kiitwacho rK39, nacho kimeokoa watu Kimalel na Chemolingot. Lakini kipimo hicho hufanya vizuri zaidi India kuliko Afrika Mashariki; huku kwetu hukosa baadhi ya wagonjwa. Na mtu aliyekwisha kupona huendelea kusoma chanya kwa muda mrefu, pengine miaka. Kwa hiyo mpimaji aliyefunzwa huanza na mdomo kabla ya kisindano: Homa imekaa zaidi ya wiki mbili? Bandama limevimba? Umewahi kutibiwa ugonjwa huu? Asiyeuliza swali la mwisho anaweza kumrudisha mtu mzima kwenye sindano za siku 17 asizozihitaji. Nimeona karatasi za mafunzo zenye mishale inayoonyesha wapi pa kudondosha damu na wapi pa kudondosha bafa, na swali hilo halimo popote.

Malaria ina mtego wake wa aina hiyo. Kipimo cha kawaida hutafuta protini inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton aliyerudi Njoro kutoka Busia, akatibiwa malaria huko wiki mbili zilizopita, anaweza kusoma chanya leo hata kama homa ya leo ni ya mapafu.

Na brusela? Hapa nitasema kwa sauti, kwa sababu Bonde la Ufa lote linateseka. Ni mara ngapi mtu hutoka kituoni akiwa ameambiwa amepatikana na taifodi na brusela kwa pamoja, wote nyumbani wakiitikia kwa kichwa kana kwamba ni mafua? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha brusela kilichozoeleka katika hospitali zetu, kile cha kuchanganya matone kwenye kigae na kutazama kama yanagandana, kilikuwa dhaifu sana kikilinganishwa na vipimo vya kuaminika. Kipimo cha Widal cha taifodi nacho, kikifanywa mara moja tu kwa mtu wa eneo ambalo wengi wameshakutana na vijidudu hivyo, hakitoshi kumhukumu mtu. Wafugaji wetu wanaupata ugonjwa wa brusela kweli, kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo. Ndiyo sababu nataka upimwe vizuri. Anayetibiwa brusela asiyokuwa nayo hunywa dawa wiki sita, hutumia fedha za karo, na ugonjwa wake halisi unakomaa. Hakuna mafunzo yanayoweza kukiokoa kipimo kibovu. Mpimaji hodari akitumia kipimo kibovu hutoa jibu bovu kwa mkono safi. Sehemu ya mafunzo iwe kumpa mpimaji haki na ujasiri wa kusema: kipimo hiki hakifai, sikitumii.

Jibu likishatoka, je? Mwaka 2007 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa walipimwa malaria, wengine kwa hadubini na wengine kwa kipimo cha haraka. Zaidi ya nusu ya walioonekana hawana malaria walipewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kipimo kilifanywa, pesa ikatumika, kidole kikaumia, kisha jibu likapuuzwa. Sababu haikuwa ujinga. Tabibu ana mtoto mwenye homa mbele yake, ana mama anayemtazama, na hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini baada ya "hakuna malaria". Tunafundisha sana kusoma mstari wa pili, ule wa ugonjwa, na tunasahau kufundisha kutokuwepo kwake.

Hapo napenda kutaja jambo la kwetu Kenya linalonipa matumaini. Mwaka 2009 watafiti walichukua vituo 107 vya vijijini. Katika baadhi yake, kila mhudumu alitumiwa ujumbe mfupi wa simu kwa muda wa miezi 6, ukimkumbusha namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Matibabu sahihi yalipanda kwa takriban pointi 24 za asilimia juu ya vituo visivyotumiwa, na miezi 6 baada ya ujumbe kukoma faida ilikuwa bado ipo. Hawakuitwa hotelini. Hawakulipwa posho. Walikumbushwa tu, mara kwa mara, mahali pao pa kazi.

Sasa turudi kwenye kutazamwa. Kiwango cha kimataifa cha upimaji wa papo hapo, ISO 22870, ambacho sasa kimeunganishwa ndani ya ISO 15189 ya mwaka 2022, kinataka kwamba asipime ila aliyemaliza mafunzo na kuonyesha uwezo, na uwezo huo upimwe tena kila baada ya muda. Kwenye karatasi tunakubaliana na jambo hilo. Kwenye upimaji wa virusi vya Ukimwi tumelitekeleza kuliko mahali pengine popote. Wapimaji hutumiwa vichupa vyenye tone lililokaushwa, lenye rangi ya kijani ili lionekane. Unaongeza bafa, unasubiri liyeyuke, unapima kama unavyompima mteja, unajaza fomu, unaituma. Wewe hujui ni chanya au hasi. Waliokutumia wanajua.

Ni mpango mzuri, nami nimeufundisha kwa moyo. Lakini nimefika kwenye kituo, ambacho sitakitaja, nikakuta vichupa vya wapimaji wote vimepimwa na mmoja wao aliye hodari, na wengine wamenakili. Wote walipata alama kamili. Sikuwalaumu sana, maana walikuwa wameogopa aibu, na hakuna aliyewaeleza kwamba kichupa kile ni rafiki yao. Funzo nililolipata ni kwamba sampuli ya majaribio hupima jibu, haipimi mkono. Haioni kama ulisubiri dakika 15 au ulitazama baada ya 5 kwa sababu foleni imefika getini. Haioni kama bafa iliisha ukachukua ya chapa nyingine, au maji ya sindano, jambo linaloweza kuchora mstari wa uongo. Haioni uso wako unapomwambia mtu. Yote hayo huonekana kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye kona ya chumba kwa nusu saa.

WHO ilipendekeza mwaka 2019 kwamba asitangazwe mtu kuwa na virusi mpaka vipimo vitatu tofauti vifuatane kusoma chanya. Na kabla ya kuanzishiwa dawa, apimwe upya. Ni kinga nzuri, lakini kinga ya namna hiyo humlinda mteja pale tu anayepima upya anaposoma kana kwamba hajui jibu la kwanza. Tunajua sote jinsi jicho linavyouona mstari hafifu likishaambiwa uko.

Kuhusu daftari nitasema kidogo, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina, saa ya kudondosha, saa ya kusoma, nambari ya boksi, tarehe ya kuisha, sahihi. Boksi likigundulika bovu, rejista isiyo na nambari haiwezi kutuambia ni nani wa kuitwa tena.

Usalama nao hauna mjadala: kisindano kimoja kwa mtu mmoja, na kile kifaa cha kalamu ambacho mtu hujidungia nyumbani kisitumiwe kwa watu wawili hata ukibadilisha ncha, kwa sababu homa ya ini ya aina ya B huenea kwa njia hiyo hiyo. Mpimaji akijidunga, afike kituoni ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, apewe dawa za kujikinga na virusi vya Ukimwi. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayelipwa shilingi 5,000 kwa mwezi ana haki ya dawa hizo sawa na daktari bingwa. Asikae siku nyumbani akiwaza nani atagharamia.

Naomba nini, basi? Kila kituo katika kaunti hii na majirani zetu wa Baringo, Nyandarua na Kericho kiwe na orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kupima, kipimo kwa kipimo. Aliyefuzu malaria hajafuzu sukari. Mratibu wa maabara wa kaunti ndogo apewe mafuta ya gari na siku za kazi hiyo, siyo aambiwe aifanye akipata nafasi. Amtazame kila mpimaji kabla ya kuanza, tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Amtazame na mwanafunzi wa KMTC na wa Egerton aliyeko wodini, kwa sababu leo wanafundishwa na waliowakuta, na hao nao walifundishwa na waliowakuta, na kila mkono unaacha hatua moja. Na hili ndilo gumu: mratibu awe na mamlaka ya kumsimamisha mpimaji asiyefikia kiwango, bila kumwomba ruhusa msimamizi wa kituo anayeogopa foleni.

Nitaulizwa: tukiwasimamisha, nani atapima? Swali ni la haki, kwa kuwa watu hawatoshi. Lakini kusimamishwa ninakosema ni kwa siku mbili tatu, akae na mwenzake anayejua, arudie, atazamwe, arudi kazini. Kwa wengi kosa ni moja tu, tena dogo, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Wachache watagundulika hawaoni vizuri kwa karibu na wanahitaji miwani. Hilo nalo ni matokeo ya kutazama. Mstari hafifu wa waridi juu ya karatasi nyeupe hauonekani kwa mtu wa miaka hamsini asiye na miwani, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Kama fedha hazitoshi kuanza kote, tuanzie kliniki za wajawazito na wodi za wazazi. Hapo kidole kimoja hutoa majibu ya virusi, kaswende, damu na sukari, na kila kosa linawapata watu wawili. Na mratibu asiende siku ya utulivu aliyotangaziwa mapema. Aende Jumatatu ya kliniki, saa nne asubuhi, benchi zimejaa mpaka nje, saa ya ukutani imesimama na sista yuko peke yake na kaseti sita mezani. Aone kama kila moja imeandikwa jina, na kama dakika 15 bado ni 15.